Tumbo Linapougua Bila Kuuma: Homa, Safura na Manjano Handeni na Korogwe

Magonjwa ya mfumo wa kumeng'enya chakula, yaani umio, tumbo, utumbo mwembamba na utumbo mpana, pamoja na ini, kifuko cha nyongo na kongosho, yamezoeleka kutambuliwa kwa dalili ambazo kila mzazi anazijua: kuharisha, kutapika, kuumwa tumbo na kukosa hamu ya kula. Katika wilaya za Handeni na Korogwe, na katika tambarare zote za mkoa wa Tanga zinazoanzia chini ya milima ya Usambara hadi nyika za Uzigua, dalili hizo zipo tele, lakini yapo pia magonjwa ya mfumo huohuo ambayo humfikisha mtu hospitali kwa njia nyingine kabisa. Mtoto huletwa akiwa na homa na viganja vyeupe, naye hajaharisha hata mara moja. Mkata mkonge hulalamika kuishiwa pumzi, wala tumbo halimsumbui. Mwanamume mzima hushika bega la kulia akidhani amelala vibaya, kumbe ini lake limefanya jipu. Magonjwa ya namna hii humpotosha hata tabibu mzoefu, na kwa kuwa matokeo ya tiba hutegemea sana jina ambalo ugonjwa umepewa siku ya kwanza pale zahanati, huwaua watu ambao wangeweza kupona.

Kwa miaka mingi jina hilo la kwanza lilikuwa malaria, na aliyelitaja hakuwa amebahatisha. Uchunguzi wa mwaka 2003 katika vijiji vya tambarare vya Korogwe uliwakuta watoto na vijana takriban 78 katika kila 100 waliopimwa wakiwa na vimelea vya malaria katika damu, wengi wao wakiwa wazima wanaocheza na kwenda shule. Mahali ambapo karibu kila mtoto anatembea na vimelea, mtoto yeyote mwenye homa atakutwa navyo, hata kama kinachomuua ni kitu kingine. Ugumu huo una upande wa pili, ambao utafiti uliochapishwa mwaka 2004 katika jarida la tiba la BMJ la Uingereza uliuonyesha kwa namna ya kusikitisha: katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa na kutibiwa malaria kali, lakini damu yao ilipoangaliwa kwa darubini kwa uangalifu, 2,062 tu, yaani chini ya nusu, walikutwa na vimelea. Katika waliokuwa navyo, walifariki karibu 7 kwa kila 100. Katika wasiokuwa navyo, walifariki 12 kwa kila 100, na theluthi moja hivi ya hao wasio na vimelea hawakupewa kiuavijasumu chochote, yaani dawa ya kuua bakteria. Walikuwa wakifa kwa ugonjwa usiojulikana huku wakitibiwa ugonjwa wasiokuwa nao.

Sehemu kubwa ya jibu la nini kilikuwa kikiwaua watoto ilipatikana Muheza, wilaya jirani ya Korogwe, katika Hospitali Teule. Kuanzia katikati ya mwaka 2006, kwa muda wa mwaka mmoja, watoto 3,639 wenye homa waliolazwa hapo walichukuliwa damu ya kuoteshwa, kazi iliyofanywa na watafiti wa Tanzania kwa ushirikiano na wenzao wa Uingereza. Watoto 341, karibu mmoja katika kila 11, walikutwa na maambukizi ya bakteria yaliyopenya hadi kwenye damu au kwenye maji ya uti wa mgongo, na bakteria aliyeongoza hakuwa yule wa kichomi ambaye wengi wangemtarajia, bali salmonela isiyo ya taifodi.

Salmonela ni jamii ya bakteria wa utumbo. Mmoja wao huleta homa ya matumbo, maarufu kwa jina la taifodi, na wengine, ambao ni wengi mno, huitwa kwa pamoja salmonela wasio wa taifodi. Katika vitabu vya tiba vya Ulaya na Marekani hawa wa pili wanajulikana kwa jambo moja: mtu hula yai bichi au nyama ya kuku isiyoiva, huharisha siku mbili tatu, kisha hupona, mara nyingi bila dawa. Katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara bakteria haohao hufanya jambo jingine. Huingia kwa mdomo kama kawaida, hupita kwenye ukuta wa utumbo pasipo kuuchubua kwa kiasi cha kuharisha, huingia ndani ya chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kuwameza na kuwaua, na badala ya kuuawa huishi humo na kusafirishwa hadi kwenye bandama, ini na uboho wa mifupa. Mgonjwa hana dalili ya tumbo, au anayo kwa mbali. Ana homa, anapumua harakaharaka, bandama limevimba na damu imepungua. Kwa macho matupu ni malaria tupu, na mara nyingi malaria ipo kweli, kwa sababu maradhi hayo mawili huandamana. Katika wanaougua salmonela ya damu, kwa makadirio ya dunia nzima, hufa mgonjwa mmoja kati ya kila saba hivi, kiwango kikubwa mno kwa bakteria ambaye kwingineko huhesabiwa kuwa usumbufu wa siku mbili.

Sababu ya maradhi hayo kuandamana ilichukua muda kueleweka, nayo inastahili kuelezwa kwa utulivu, maana inahusu kila nyumba yenye mtoto mdogo katika tambarare hizi. Vimelea vya malaria hupasua chembe nyekundu za damu, na chembe zikipasuka humwaga kiini chenye madini ya chuma kiitwacho hemu, ambacho kikizagaa ovyo ni sumu. Mwili hujikinga kwa kutengeneza kimeng'enya cha kuivunja hemu hiyo, lakini kinga hiyo ina gharama yake: chembe nyeupe zinazotoka kwenye uboho wakati huo hutoka zikiwa hazijakomaa, na ule uwezo wao wa kuwaunguza bakteria kwa kemikali kali baada ya kuwameza hudhoofika. Wanasayansi waliofuatilia jambo hili kwa panya wa maabara na kwa watoto wa Gambia walieleza mfuatano huo mnamo mwaka 2012. Aidha, chembe nyekundu zenye vimelea hunatanata ndani ya mishipa midogo ya utumbo, na ukuta wa utumbo, ambao kwa kawaida ni kizuizi madhubuti, huanza kuvuja. Hivyo malaria humfungulia salmonela njia mara mbili, kwanza kwenye utumbo, kisha ndani ya askari waliopaswa kumuua.

Kilifi, katika pwani ya Kenya, watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, walipata njia nzuri ya kulithibitisha hilo kwa watu wenyewe. Mtoto aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu hana ugonjwa wa selimundu lakini ana kinga kubwa dhidi ya malaria. Kama malaria ndiyo inayowafungulia bakteria mlango, basi watoto wa namna hiyo wangepaswa kuugua bakteria wa damu kwa uchache pia, ingawa kinasaba hicho chenyewe hakina ugomvi wowote na bakteria. Na ndivyo ilivyokuwa. Zaidi ya hapo, malaria ilipopungua Kilifi katika miaka ya kabla ya 2007, faida hiyo ya kinasaba ilififia taratibu, kwa kuwa hapakuwa tena na malaria nyingi ambayo kingemkinga mtu nayo.

Tambarare za Tanga zilishuhudia jambo hilohilo. Vyandarua vyenye dawa vilipoenea na dawa mseto ya malaria ilipochukua nafasi ya dawa za zamani zilizokuwa zimeshindwa, vimelea katika vijiji vya tambarare vya Korogwe vilishuka kutoka ile 78 kwa 100 ya mwaka 2003 hadi takriban 13 kwa 100 mwaka 2008. Muheza, kati ya 2006 na 2010, watoto waliolazwa kwa malaria kali walipungua, na pamoja nao wakapungua waliolazwa kwa bakteria katika damu, salmonela ikiwamo. Hakuna aliyekuwa amegawa chanjo ya salmonela wasio wa taifodi, maana haipo sokoni. Hakuna aliyekuwa amejenga vyoo vipya kwa kiwango cha kueleza mabadiliko hayo. Chandarua kilichotundikwa kumzuia mbu kilikuwa kimezuia ugonjwa wa utumbo. Katika matokeo yote yaliyowahi kupatikana kuhusu magonjwa ya mfumo wa chakula katika eneo hili, hili huenda ndilo linalostahili kujulikana zaidi, na bado linatajwa kwa nadra katika mikutano ya vijiji ambako vyandarua hugawiwa.

Upande wa tiba, mambo hayakuwa mepesi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliokuwa ukitumika ulieleza mtoto gani apewe kiuavijasumu na apewe kipi. Utafiti wa Muheza, uliochapishwa mwaka 2010, uliupima mwongozo huo na kukuta kwamba uliwaacha nje karibu theluthi ya watoto waliokuwa na bakteria, na kwamba zaidi ya nusu ya bakteria waliooteshwa hawakusikia dawa zilizopendekezwa. Penisilini na jentamaisini, sindano mbili ambazo muuguzi wa wodi ya watoto anazijua kwa moyo, zina udhaifu wa pekee hapa: bakteria wengi wamekwisha kuwa sugu kwa ile ya kwanza na jamii yake, na ya pili haiingii vyema ndani ya chembe za mwili, ambamo salmonela hujificha. Ndiyo maana mtoto anaweza kupata nafuu ya siku mbili, homa ikarudi, akafariki akiwa na kadi inayoonyesha kwamba alipewa dawa zote kwa wakati. Seftriaksoni, inayochomwa mara moja kwa siku, imeokoa wengi wa namna hiyo, lakini usugu dhidi yake nao umekwisha kuonekana katika nchi mbalimbali za Afrika, na kila chupa yake inayotumika kwa mafua huusogeza usugu huo karibu zaidi.

Kuotesha damu, kipimo kikuu cha kumkamata salmonela huyu, si kazi ya miujiza. Damu ya mtoto, mililita moja hadi tatu, huchukuliwa baada ya ngozi kusafishwa vizuri kwa spiriti, kwa kuwa bakteria wa ngozini akiingia ataharibu kila kitu, kisha huingizwa katika chupa yenye kimiminika cha kulishia bakteria na kuwekwa kwenye kabati la joto la nyuzi 37 hivi, joto la mwili. Baada ya siku moja au mbili kimiminika kilichokuwa angavu huanza kuwa na ukungu. Mtaalamu wa maabara huchovya tone, huliangalia kwa darubini, kisha hulipaka kwenye sahani yenye jeli ya rangi ya waridi iliyotiwa sukari ya maziwa. Bakteria wa kawaida wa utumbo hula sukari hiyo na kugeuka wekundu; salmonela haili, na vijipele vyake hubaki vimepauka juu ya ule uwaridi, kiasi kwamba jicho lililozoea humtambua kabla hata vipimo vingine havijafanywa. Jibu kamili, likiwa na orodha ya dawa zinazomuua, hutoka siku ya tatu au ya nne. Kinachohitajika ni umeme usiokatika, chupa zisizoisha muda wake, na mtu aliyefundishwa. Vitu hivyo vitatu hukutana katika hospitali kubwa na katika vituo vya utafiti kama maabara ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoko Korogwe, mahali palepale palipokuwa mojawapo ya vituo vya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Zahanati ya kijiji haina kabati hilo, wala haitarajiwi kuwa nalo.

Pale ambapo damu haiwezi kuoteshwa, watu wamejizoesha kutegemea kipimo kingine, na hapo panaingia taifodi. Kipimo cha Widali, kilichobuniwa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 19, hakimtafuti bakteria mwenyewe bali kinatafuta kingamwili, yaani askari wa damu waliotengenezwa na mwili baada ya kukutana na bakteria. Askari hao hubaki miezi mingi, na baadhi yao hutengenezwa kwa sababu ya salmonela wengine au hata maradhi mengine ya homa, kwa hiyo mtu aliyepona zamani, au asiyewahi kuugua, anaweza kutangaziwa kuwa ana taifodi. Watafiti wa Muheza walikilinganisha kipimo hiki na damu iliyooteshwa, wakitumia aina yake iliyo makini zaidi, ile ya kwenye mirija, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba katika kila watoto wanne ambao Widali ilisema wana taifodi, mmoja tu hivi ndiye aliyekuwa nayo kweli. Thamani yake ilikuwa upande wa pili: iliposema mtoto hana, karibu mara zote hakuwa nayo. Lakini hakuna anayelipia kipimo ili aambiwe hana kitu. Katika maduka ya dawa na maabara ndogo za mijini kipimo hufanywa kwa njia ya haraka ya kwenye kioo, jibu hutoka kwa dakika chache, na mtu huondoka na siprofloksasini ya siku tano, akirudi tena baada ya mwezi na taifodi ileile isiyokuwapo. Ni haki kusema kwamba wagonjwa wenyewe huchangia, kwani aliyezoea kuambiwa ana taifodi humshuku tabibu anayemwambia vinginevyo, lakini mzigo mkubwa ni wa mfumo unaouza jibu kwa kuwa tu ni rahisi kuliuza.

Hatari ni kwamba taifodi ya kweli ipo, na katikati ya kelele za taifodi za uongo hupita bila kutambuliwa. Taifodi huenea kwa maji machafu, na Handeni ni wilaya kavu. Vizazi na vizazi vya wakazi wake wamechota maji kwenye malambo ambayo ng'ombe pia huyanywa, na mradi mkubwa wa maji ujulikanao kwa kifupi HTM, unaovuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, kwa miaka mingi haukuweza kutosheleza mahitaji. Taifodi isipotibiwa huvitia vidonda vijitezi vilivyo kwenye sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, na mara nyingi katika wiki ya tatu kidonda kimoja hutoboka. Hapo dalili hubadilika ghafla, ingawa si kwa namna ambayo ndugu wa mgonjwa huitarajia: homa iliyokuwa juu inaweza kushuka, mgonjwa akatulia, na nyumbani wakashukuru kwamba dawa imefanya kazi, kumbe utulivu huo ni wa mtu ambaye kinyesi kimemwagika ndani ya tumbo lake na mwili unazidiwa. Tumbo huwa gumu, hatoi hewa wala choo, midomo hukauka na mapigo ya moyo hukimbia. Tangu saa hiyo tiba ni kisu. Hakuna sindano wala kidonge kitakachoziba tundu hilo. Katika Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, madaktari wa upasuaji walioandika mwaka 2012 kuhusu wagonjwa wao 104 waliotobokwa utumbo kwa taifodi waliripoti kwamba zaidi ya mmoja kati ya kila watano walifariki, na kuchelewa kufika hospitali kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoamua nani aishi. Barabara ya lami ya kilomita 65 kati ya Korogwe na Handeni imewapunguzia wengi saa za safari; lakini wanaotoka vijiji vya ndani bado huanza kwa bodaboda, na mtu aliyetobokwa utumbo akipakiwa kwenye bodaboda huteseka kwa kila shimo la njia.

Ugonjwa mwingine wa utumbo usioumiza tumbo ni safura, ambayo wazee wa mashamba ya mkonge ya Korogwe hawahitaji kuelezwa. Mkonge uliingizwa nchini na Wajerumani mwaka 1893, na mashamba yaliyotokana nao, kuanzia Ngombezi hadi Magunga na Mnyuzi, yaliwakusanya watu kutoka pande nyingi katika kambi ambazo vyoo vilikuwa haba na udongo wenye kivuli na unyevu ulikuwa mwingi. Hayo ndiyo mazingira anayoyapenda mnyoo wa safura. Kiluwiluwi chake huingia kwa ngozi ya mguu mtupu, husafiri kwa damu hadi mapafuni, hupanda kooni kwa kikohozi chepesi ambacho hakuna anayekijali, humezwa, na mwishowe huuma ukuta wa utumbo mwembamba na kunyonya damu. Mnyoo mmoja, kutegemea aina yake, hunyonya chini ya robo ya mililita kwa siku, kiasi kisichostahili kutajwa. Minyoo mia kadhaa kwa miaka kadhaa humkausha mtu.

Kwa kuwa damu hupungua pole pole, mwili hujizoesha. Huonekana mara kwa mara mtu mzima mwenye damu gramu nne, theluthi moja ya kiwango anachopaswa kuwa nacho, aliyefika zahanati kwa miguu yake akilalamikia uchovu, kuvimba nyayo na moyo kwenda mbio akipanda mwinuko, na wengine, hasa akina mama wajawazito, hutamani kula udongo, tamaa ambayo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma. Utafiti uliofanywa kisiwani Pemba katika miaka ya 1990 miongoni mwa watoto wa shule ulikadiria kwamba karibu robo tatu ya upungufu mkali wa damu ulitokana na minyoo hii. Tiba ya mnyoo wenyewe ni rahisi ajabu, kidonge cha albendazoli cha miligramu 400, ambacho wanafunzi wa shule za msingi hugawiwa. Ugumu uko katika damu iliyopotea. Vidonge vya madini ya chuma vinapaswa kuendelea kwa miezi mitatu hivi, muda ambao wengi huvitupa kwa sababu hugeuza choo kuwa cheusi. Na yule wa gramu nne akiongezewa damu kwa haraka ili asaidiwe upesi, moyo wake uliozoea damu nyepesi unaweza kulemewa na mapafu yakajaa maji usiku uleule. Ndiyo maana daktari mwangalifu huiongeza kwa mwendo wa taratibu mno, jambo ambalo ndugu waliotoka kutafuta damu huweza kulichukulia kama uzembe.

Jipu la ini halihitaji maneno mengi. Amiba, kidudu cha maji machafu, hutoka kwenye utumbo mpana na kupandishwa na damu hadi kwenye ini, mara nyingi kwa mtu ambaye hakumbuki kuharisha. Ini likivimba husukuma kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na kwa kuwa mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho hutoka shingoni sambamba na ule wa bega, maumivu husikika begani. Wanaume wazima ndio wanaolipata zaidi. Mashine ya picha za mawimbi ya sauti, ileile ya kupimia wajawazito, hulionyesha kwa dakika chache, na metronidazoli huweza kumshusha mtu homa ndani ya siku tatu au nne, hata kama jipu ni kubwa. Mara nyingi hakuna haja ya kupasua. Ni mojawapo ya magonjwa makali machache ambayo jina likipatikana, kupona hufuata karibu bila mashaka.

Manjano ni habari nyingine. Macho yanapogeuka manjano ghafla kwa mtu mmoja, tabibu hufikiria homa ya ini inayoletwa na virusi. Yanapogeuka kwa baba, mama na watoto wa nyumba moja ndani ya wiki chache, wakitapika na matumbo yakijaa maji, inafaa aulize wanakula nini. Katikati ya mwaka 2016 hali hiyo ilizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Kiteto ikiwamo, wilaya inayopakana na Kilindi, ambayo nayo hadi mwaka 2002 ilikuwa sehemu ya Handeni. Wagonjwa 68 waliorodheshwa na 20 kati yao wakafariki. Haikuwa ugonjwa wa kuambukizana. Ilikuwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizopata ukame shambani au unyevu ghalani, nayo haina rangi, harufu wala ladha, haiondoki kwa kupika, na haina dawa ya kuitengua. Daktari humpa mgonjwa maji, sukari na uangalizi, kisha husubiri kuona kama ini litajirudi.

Kenya ilikuwa imepitia maafa makubwa zaidi mwaka 2004 katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, ambako watu 317 waliugua na 125 wakafa, na wachunguzi waligundua kwamba zaidi ya nusu ya sampuli za mahindi zilizochukuliwa sokoni zilikuwa zimevuka kikomo kinachoruhusiwa cha sumu hiyo. Jambo moja katika uchunguzi ule linawahusu Wazigua wa leo moja kwa moja, kwa kuwa mahindi ndiyo ugali wao na ndiyo fedha yao: waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba, badala ya ghala lenye hewa, waliugua zaidi, na wengi walifanya hivyo kwa kuhofia kuibiwa mwaka wa njaa. Mkulima anayevuna mapema kwa sababu hiyo hiyo, na kuyalundika magunia chumbani kabla punje hazijakauka, anaulinda mlo wake kwa namna inayoweza kuutia sumu, wala si haki kumwita mjinga.

Uchunguzi huohuo ulionyesha pia kwamba waliokuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua kwa sumukuvu, na inajulikana kwamba virusi hivyo na sumu hiyo vikikaa pamoja mwilini kwa miaka huzidisha mno uwezekano wa saratani ya ini, uvimbe ambao nao hujitokeza kwa kuchelewa, mgonjwa akiwa amekonda na upande wa kulia umejaa. Tanzania iliiingiza chanjo ya homa ya ini B katika ratiba ya watoto mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo, ambao leo ndio wenye maghala Handeni na Kilindi na ndio wanaoamua mahindi yaanuliwe lini, wengi wao hawakuipata utotoni.